Kidude Tulichokiita Panya

Kama umeambiwa kwamba sindano zitakazokiponya kifua chako huenda zikayachukua masikio yako, na sasa umekaa kwenye benchi hujui umuulize nani, haya nimekuandikia wewe. Benchi hilo nililikalia. Leo niko hai, kifua changu ni kizima, na sisikii chochote. Dawa inafanyaje kazi mwilini sitakueleza, hilo waulize wenye makoti meupe. Nitakueleza yale ambayo mimi sikupata wa kunieleza: unangojaje zamu yako wakati husikii jina lako, nyumba inabadilikaje mke akiwa kiziwi, na nilivyokaribia kupoteza mtoto kwa sababu ya kilio ambacho watu wote walikisikia isipokuwa mama yake.

Naitwa Vumilia. Usicheke, sikujichagulia. Nilizaliwa Kivu ya Kusini, tukakimbia vita nikiwa msichana, na kwa sasa kwetu ni Rubondo, ndani ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. Mume wangu Bahati anauza maharage na chumvi sokoni, na mimi nalima kipande chetu nyuma ya nyumba. Kabla ya ugonjwa niliimba sauti ya kwanza katika kwaya ya kanisa letu, na niliimba vizuri. Siwezi kujishusha hapo, wenzangu wapo na watashuhudia.

Kikohozi kilianza baada ya kuvuna mahindi. Nilipewa vidonge vya kifua kikuu, nikapona, nikakohoa tena. Mara ya pili nilipelekwa hospitali ya Mbarara, nikalazwa wodi ya peke yake, nikaambiwa kifua changu kimekuwa sugu na kinahitaji sindano kila asubuhi kwa miezi mingi. Waliporidhika kwamba siambukizi tena waliniruhusu kulala nje, mradi nifike kila siku. Rubondo ni mbali mno kwa hilo. Ndipo mtu wa kanisani akaniunganisha na Maama Peace, mjane wa Kakiika, Mnyankole mwenye shamba la ndizi na ng'ombe wachache, akanipa chumba kilichokuwa cha binti yake.

Miezi ile naikumbuka kwa matako yangu. Nisamehe, lakini ndivyo ilivyokuwa. Sindano ziliacha mavimbe magumu kila upande hata nikawa nakaa kwa paja moja. Mkojo ulikuwa rangi ya chai kali, chakula kilinuka chuma, na nguo zangu zote zilinipwaya. Kila asubuhi ilikuwa uji wa Maama Peace, njia ya vumbi, benchi, dirisha, sindano, na kurudi kujilaza.

Masikio yalianza kama birika linalochemka chumba cha pili. Nilimuuliza Maama Peace kwa nini haliondoi jikoni. Alinitazama vibaya, kwa sababu jiko lilikuwa limezimwa tangu asubuhi. Baadaye ndege walipotea, kisha mlio wa simu, kisha nikawa nayumba nikitembea gizani kama mlevi. Daktari alinieleza bila kuzunguka: tukiacha sindano, kifua kitakuua, tukiendelea, masikio huenda yakaenda. Akaniambia nifikirie. Nilimchukia kwa neno hilo, kwa maana mlango ulikuwa mmoja tu na yeye alikuwa ananiambia nichague mlango.

Bahati alikuja kutoka Rubondo kusikia habari hiyo. Akaninong'oneza, nami bado nilikuwa nasikia kidogo akisogea karibu: "Mie napenda bibi kiziwi kuliko bibi wa mu kaburi."

Nikaendelea na sindano. Watu huniuliza sauti ya mwisho niliyoisikia ilikuwa ipi. Sijui. Mtu hatambui kwamba ile ndiyo ya mwisho, hivyo hasimami kuiaga.

Sasa habari ya benchi. Kwenye dirisha lile wagonjwa waliitwa kwa majina. Asubuhi moja nilikaa, nikaona watu wanainuka, wengine wanakuja, wengine wanainuka, mpaka benchi likabaki langu peke yangu na dirisha likafungwa. Nilikuwa nimeitwa na kuitwa tena. Tangu siku hiyo niliogopa hata kwenda chooni, nikawa nabana mkojo tangu kufika hadi kuchomwa. Maama Peace aliponiona nalia alielewa kabla sijamaliza.

"Bambi! Wewe nakosa sindano sababu ya masikio? Kesho mimi nakuja na wewe. Mimi iko masikio yako."

Alikuja kesho yake, na siku nyingi nyingine, akiacha ndizi zake. Jina langu likiitwa alinigusa goti. Hakuwa ndugu yangu wala wa kabila langu. Asipokuwepo nilifanya alivyonifundisha: nilikaa mahali ninapoona mdomo wa mwitaji, na nilimwambia jirani wa kwenye benchi jina langu kabla sijakaa. Fanya hivyo na wewe. Watu wengi hukubali kukugusa goti ukiwaomba.

Nilirudi Rubondo mvua za vuli zilipoanza, nimepona na nimekuwa kiziwi. Kambini karibu kila kitu hutangazwa. Gari hupita na kipaza sauti: kesho chakula, keshokutwa kuhesabiwa watu, leo maji hayatoki. Mimi niliona gari tu linapita. Bahati alijaribu kunipigia kelele, akachoka, nami nikachoka kuona mishipa ya shingo yake. Mwishowe akawa anaandika kwa mkaa kwenye ukuta wa udongo karibu na mlango. Ukuta ukijaa niliupaka udongo mpya, tukaanza upya. Hapo alitumia maneno machache sana. Siku nyingine ukuta wangu uliandikwa "chumvi" basi, na mimi nilitaka kujua alivyoshinda.

Nikawa mtu wa kushuku. Wanawake wakicheka kisimani niliona wananicheka mimi. Kwaya waliniachia nafasi yangu, lakini nilipojaribu kuimba nilimwona mwongoza kwaya akikunja uso kama aliyejing'ata ulimi, nikajua sauti yangu inapotea njia. Niliketi, na sikusimama tena pamoja nao. Hilo liliniuma kuliko sindano zote.

Miaka miwili baadaye tukampata Aksanti, binti yetu. Nilimwona analia kabla hawajamfunga kitovu: mdomo wazi, ngumi juu, uso umeiva. Nilifurahi, na hapo hapo nikashikwa na hofu ambayo haikuniachia.

Mama mwenye masikio anaweza kumlaza mtoto akaenda zake. Mimi sikuweza. Mgongoni nilimjua, kwa maana akilia mbavu zangu zilisikia. Akilala kitandani nilifunga kitambaa mguuni pake na ncha nyingine mkononi mwangu. Kwa hiyo alikuwa mgongoni nikilima, mgongoni nikiteka maji, mgongoni hata chooni. Bahati alikuwa sokoni kutwa. Shingo ilikakamaa, nikawa sigeuki vizuri. Nilimpenda mtoto yule na nilijiona mfungwa wake, na sioni sababu ya kuficha hata moja kati ya hayo.

Kiangazi kimoja, Aksanti akiwa ameanza kutambaa, nilichoka. Alikuwa amelala fofofo. Nilimlaza kitandani, nikafunga mlango kwa sababu ya mbuzi wa jirani, nikaenda nyuma ya nyumba kufua. Jua lilikuwa zuri. Sikumbuki nilichokuwa nafikiri, pengine ndiyo mara ya kwanza kwa muda mrefu sikufikiri kitu.

Aliamka, akaangukia kati ya kitanda na ukuta, akabanwa. Majirani walimsikia. Waligonga, waliniita, mwishowe wakauvunja mlango. Mimi nilikuwa naanika nguo nimegeukia bonde. Na kati ya siku zote, siku hiyo ndiyo mama mkwe alifika kututembelea, na kidumu cha maziwa mkononi. Aliwakuta wanawake wamejaa uani, mjukuu wake amekauka sauti, na mkwewe anatokea nyuma ya nyumba na povu la sabuni hadi viwikoni.

Hakunitukana. Alimchukua mtoto akamfunga mgongoni kwake.

Nimweleze kidogo, usije ukamchukia bure. Mama mkwe anaishi Endiinzi na mwanawe mdogo, anayechunga ng'ombe wa tajiri mmoja wa huko. Alimvusha Bahati mpakani akiwa mjane, na njiani alizika watoto wengine. Hakutaka kuzika mjukuu, basi. Kwetu pia si ajabu mtoto aliyeachishwa ziwa kwenda kulelewa na bibi yake. Bahati mwenyewe alilelewa hivyo. Kwa hiyo wazee wa familia walipokaa kikao hakuna aliyeona ananidhuru. Nilisoma midomo yao, kama nilivyokuwa nimejizoeza, nikazunguka kutoka uso hadi uso, na kila nilipofika kwenye uso mpya sentensi ilikuwa imekwisha. Neno la mama mkwe nililipata lote, kwa sababu aliligeuzia kwangu.

"Mutoto akishaacha kunyonya, atakuya kwangu. Kule maziwa iko mingi, na masikio iko."

Ikaamuliwa kwamba kabla ya mvua zinazofuata Aksanti aende Endiinzi. Nilipomwandama Bahati, aliandika ukutani: "Ni mama yangu." Nikayafuta kwa kiganja, nikalia, udongo mikononi.

Nilipokwenda Mbarara kupimwa kifua nilipitia Kakiika, nikamwaga yote mbele ya Maama Peace. Alinikokota siku ile ile hadi kwa mwalimu mmoja wa viziwi, yeye mwenyewe kiziwi. Nyumbani kwa mwalimu yule nilishangaa. Mtu akibonyeza kengele getini, taa ya sebuleni iliwaka na kuzima. Chini ya mto wake palikuwa na saa inayotikisika asubuhi. Aliniacha nishike kila kitu. Kisha akafungua kabati akanipa kidude kilichotoka kwa wafadhili na kisichokuwa na mwenyewe.

Kilikuwa vipande viwili. Kimoja ni kiboksi cha kuwekwa karibu na mtoto, hicho ndicho sikio. Cha pili ni kitu cha duara, kinene kama biskuti, chenye kijitaa, cha kufungwa kiunoni kwa kitambaa. Mtoto akilia, kile cha kiunoni kinatetema. Bahati alipokiona kinahangaika mezani alisema ni panya, na jina likakaa.

Tulikijaribu jioni niliyorudi nyumbani. Nilikwenda mwisho wa shamba letu la maharage, na Bahati ndani akamnyang'anya Aksanti kijiko. Panya akatetema ubavuni. Nilikaa chini palepale kwenye maharage. Mtoto wangu alikuwa nyumbani, mimi niko shambani, na nilijua analia. Sikumbuki furaha nyingine ya namna hiyo, na niliwahi kupona ugonjwa unaoua.

Panya alikuwa na kasoro zake, usije ukadhani nimekuuzia. Alitetema kwa mbuzi, kwa ngoma, na kwa mvua juu ya bati, hivyo masika alikuwa hana maana. Nguvu zake ziliishia kwenye ua wa minyaa kando ya barabara. Betri ilichajiwa kibandani sokoni, kwa jua, na mawingu yakikaa basi na Panya analala. Siku hizo nilirudi kwenye kitambaa cha mguuni.

Mama mkwe alipokuja tena alikigeuzageuza, akakirudisha mezani. "Radio haiwezi kulea mutoto," akasema, na kwa mara nyingine alinigeuzia uso ili nipate. Lakini alikuwa na mpango wake, na ulikuwa wa huruma kwa namna yake. Alimwomba mchungaji kanisa lifunge na kuniombea. Akaapa mbele ya watu: Mungu akinifungua masikio, mtoto abaki Rubondo.

Kanisani kwetu watoto wadogo hulazwa kwenye chumba cha mke wa mchungaji, ukuta kwa ukuta na kanisa, mama zao waabudu kwa nafasi. Kwa kawaida nilimzima Panya mle, ngoma zilimfanya kichaa. Lakini siku ya maombi Aksanti alikuwa na joto, nikamwekea kiboksi kando yake. Mchungaji alipowanyamazisha watu wote na kuniita mbele, niliona ngoma zimewekwa chini, nikapitisha mkono chini ya kitenge nikamwasha.

Mchungaji aliniziba masikio kwa viganja vyake viwili. Nilimwona akisema "Funguka!" Akarudia. Mara ya tatu sikuiona, kwa sababu Panya aliniruka ubavuni, nami nikaruka naye. Nilimsukuma mchungaji mikono, nikapiga kelele, "Mwanangu analia!" nikatoka mbio.

Aksanti alikuwa analia kweli, jasho limemtoka. Nilimbeba, nikarudi kanisani ili nisiwe nimekosa adabu. Nikakuta watu wote wamesimama, wanawake vichwa nyuma wanapiga vigelegele, wanaume wanaruka, mama mkwe yuko magotini amejifunika uso. Nikadhani kuna mtu amekufa. Bahati peke yake alisimama wima, akanitazama, na midomo yake ikasema, "Nyamaza."

Sikunyamaza. Nilimchomoa Panya nikamwinua juu ili waone. Mama mmoja mnene akanikumbatia, mkono wangu na Panya wake vikazama kifuani pake. Wote walikuwa wanaimba. Nilisema, "Sisikii, ni kidude hiki," nami sikuweza kujua kama nimesema kwa sauti kubwa au ndogo. Waliokuwa karibu walinipapasa mashavu wakilia.

Nyumbani Bahati aliandika kwa herufi kubwa: "Mama aliapa. Mutoto anabaki." Nikasimama mbele ya maneno hayo. Ndiyo niliyokuwa nikiyaomba. Nikaacha yakae ukutani.

Basi nikaanza kuishi kama mtu anayesikia. Watu waliniita kwa nyuma, nikapita, wakasema uponyaji umenipa maringo. Jirani mmoja alikuja jikoni akaongea huku nimeinamia moto. Niliona miguu yake haiondoki, nikawa naitikia kwa kichwa. Siku mbili baadaye walikuja vijana kuchukua sufuria yangu kubwa, niliyokuwa nimeitoa kwa furaha kwa ajili ya harusi. Bahati alicheka hadi akakaa chini. Nilicheka pia, kisha nikaona hakuna cha kuchekesha.

Kwa maana mama mkwe alikuwa bado yuko kwetu, na alianza kumtazama Panya.

"Sasa ile kintu urudishe kwa benyewe," akaniambia. "Mungu alishakuponya. Ukiendelea kuivaa, unamwita Mungu mwongo."

Nikamficha Panya ndani ya gunia la maharage. Na mchungaji akapanga nitoe ushuhuda kwenye mkutano wa makanisa, mbele ya watu kutoka vijiji vyote vya makazi. Nikawa kwenye kona. Nikisema kweli, mtoto anaondoka. Nikinyamaza, mtoto anabaki na mama ambaye hana hata kile kidude cha kumsikia. Usiku na mchana nilizunguka kona hiyo moja, nikakonda tena kama wakati wa sindano.

Aksanti ndiye aliyenitoa. Siku moja nilikuwa napalilia, yeye anacheza kwenye kivuli upande wa pili wa nyumba. Mama mkwe alikuwa ameenda kisimani. Nilipozunguka kumtazama mtoto nilimkuta amekalia njia ya siafu. Walikuwa wamemjaa mapajani. Alilia mpaka akaishiwa, alikuwa anafungua mdomo tu. Na ng'ambo ya uzio, jirani yule yule aliyewahi kuuvunja mlango wangu alikuwa anapepeta mahindi. Nilimvamia. Kwa nini hakuniita? Alishangaa, akanijibu polepole, na nilisoma kila neno: alidhani nimesikia.

Hapo nilielewa. Zamani mtoto akilia mtaa mzima ulikuja kunigusa bega. Tangu nipone hakuna aliyekuja. Ule muujiza ulikuwa umeninyang'anya masikio yote niliyokuwa nayo.

Siku ya mkutano nilisimama, nikaweka Panya kwenye kiganja, nikasema: "Sisikii. Siku ile sikusikia. Hiki ndicho kilitetema. Mungu akitaka kunifungua atanifungua, lakini bado. Mkimsikia mwanangu analia, nawaomba mje mniguse."

Mchungaji aligeukia watu, hivyo sijui alisema nini. Bahati hajawahi kunirudia maneno hayo, nami nimeacha kuuliza. Baadhi ya wanawake waliondoka. Mama mkwe alikaza kitenge chake akatoka bila kuniangalia.

Jumatatu asubuhi alifunga mzigo. Aksanti alikuwa ameshaacha ziwa mchana, akinyonya tu usiku kwa mazoea. Mama mkwe alitandika kitenge, akapanga nguo za mtoto, kikombe chake, kijiko chake. Kisha akamwokota Panya mezani. Alisema kidude kilichoaibisha nyumba hakitalala tena hapa, Bahati atakipitia Endiinzi akirudishe Mbarara. Akakitia katikati ya nguo, akafunga fundo, akajifunga mgongoni kama wabebavyo mtoto. Niliona kijitaa kinawaka. Kukizima hakujua. Na kiboksi kilikuwa bado kinaning'inia kwenye nguzo ya kitanda, hakuna aliyekikumbuka. Sikuwa na mpango wowote, nilikuwa na uchungu tu, na sikuona kwa nini nimsaidie.

Alitangulia barabarani na Bahati kutafuta pikipiki. Mimi nilibaki ndani nimnyonyeshe mtoto mara ya mwisho. Aksanti alinyonya kidogo, akaniangalia, akanishika pua. Nilipomtoa kwenye ziwa ili nimfunge mgongoni, uso ukaiva, mdomo ukafunguka. Alilia kwa nguvu zote. Nilimwona. Sikuwa na kitu kiunoni, nikaweka kiganja kwenye mgongo wake ili nimsikie hivyo.

Mlango ukajaa kivuli. Mama mkwe alikuwa amesimama pale anahema, kilemba kimemdondoka, kandambili moja haipo. Alikuwa amekimbia kutoka kwenye ua wa minyaa. Bahati alinieleza baadaye kwamba walikuwa wanaongea na mwenye pikipiki, ghafla mama akaruka na kushika mgongo wake, akasema "mutoto!" na akaondoka mbio kabla hajakumbuka kwamba mgongoni hana mtoto.

Alimtazama Aksanti mikononi mwangu. Alimwona mzima. Mzigo ulikuwa bado unatetema, niliona kitenge kikicheza. Akaushusha taratibu, akafungua fundo, akamtoa Panya, akamshika kwa mikono miwili. Aksanti akivuta pumzi, Panya alitulia. Akianza tena, Panya alianza. Mama mkwe alitazama mtoto, akatazama mikono yake, akatazama mtoto.

Alisogea karibu hadi nikaona meno yake, ili nisikose neno.

"Njo vile unamusikiaka?"

Nikaitikia kwa kichwa: ndivyo nimsikiavyo. Machozi yalikuwa yananitoka.

Alipiga magoti. Akakizungusha kitambaa cha Panya kiunoni pangu, akakaza fundo upande wa ubavu, akalijaribu kwa kidole kama linashika. Kisha akazitoa nguo za Aksanti moja moja, akazitundika kwenye kamba mahali zilipokuwa, na kwenda nje kumwambia mwenye pikipiki kwamba abiria ni mmoja.